Sura ya Baba Kwenye Bango

Jumapili ile, baada ya ibada, Mwalimu Projestus alipewa kikombe.

Asiyejua mambo ya Murusagamba atauliza, kuna ubaya gani mtu kupewa kikombe? Upo. Pombe ya mtama hukaa katika chungu kimoja, wazee hukizunguka, na kila mmoja huchomeka mrija wake humo humo. Projestus, katekista wa kigango kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa na mrija wake wa tete, mweusi kwa kushikwa, na alikuwa ameshautoa mfukoni anaufuta kwa pindo la shati. Ndikuriyo, rafiki yake wa tangu utoto na mwenye pombe siku hiyo, alimzuia kwa upole uliokera kuliko tusi. Alichota kwa kata, akajaza kikombe cha plastiki cha njano, kile cha watoto kunywea uji, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mwarimu, wewe tumia hiki. Pore sana."

"Pole ya nini?"

"Ya hayo maradhi. Tumeona kwenye karatasi pare kituo cha afya. Mungu atasaidia."

Wazee wengine watatu wakainama kuangalia ndani ya chungu, kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Projestus akauliza karatasi gani.

"Ire yenye picha yako, unakohoa," alisema Ndikuriyo. Kisha akakohoa mwenyewe, kikohozi chake kile kile alichokuwa nacho tangu palizi ya maharage, akafuta mdomo, akachomeka mrija wake chunguni.

Projestus aliweka kikombe chini bila kuonja, akaondoka na viatu vyake vya kanisani kwenda kituo cha afya. Hakuhitaji kuuliza mtu. Pale mlangoni, bango lilikuwa refu kama mtoto wa darasa la nne, na ndani yake alikuwepo yeye. Ni yeye kabisa: upara, masharubu, kovu la jembe kwenye kiganja, amekunja mkono anakoholea kwenye kiwiko, macho yamemtoka. Amekaa kwenye benchi lake mwenyewe, mbele ya pazia la sebule yake mwenyewe. Shati lake halina kitufe cha pili. Juu pameandikwa kwa herufi nyekundu: UNAKOHOA WIKI MBILI AU ZAIDI? KAPIME KIFUA KIKUU. Chini, kwa herufi za kutafutia miwani, pameandikwa kwamba ugonjwa huo hauambukizwi kwa kuchangia vyombo, unatibika, na dawa ni bure kwa miezi sita. Na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote: Mchoro, Adventina Projestus.

Maandishi watu hawayasomi. Hilo kila mchoraji wa mabango hulijua, na kila mfadhili wa mabango hukataa kulijua.

&nbsp;

"Adventina!"

Adventina, mwenye miaka ishirini na minne, alikuwa amekaa kwenye lile lile benchi la kwenye bango, na kishikwambi chake chenye ufa kikiwa mapajani. Alikuwa anatengeneza kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa jirani, bure, maana jirani alisema ni kuandika majina tu na kuweka maua mawili. Wiki iliyotangulia alikuwa amebuni kitambaa cha kwaya, bure, maana ni kazi ya Mungu. Kijijini, mtu akishona nguo atalipwa, akichonga mpini atalipwa, lakini akichora ataambiwa ana kipaji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba sina. Umenichora nina kifua kikuu?"

Adventina akaweka kishikwambi pembeni. Alikuwa ameisubiri siku hii kwa namna ambayo mtu husubiri jino lililotoboka, akitumaini kwamba asipoligusa litapona.

"Sikukuchora una kifua kikuu, baba. Nimekuchora unakohoa."

"Ni lini umeniona nakohoa?"

"Jumatatu ya Pasaka. Ulipaliwa na muhogo."

Ilikuwa kweli. Jumatatu ya Pasaka beberu alikuwa ameingia ndani na kutoka amevaa kitambaa cha meza shingoni kama padri, na Projestus akacheka huku ana muhogo mdomoni, akapaliwa mpaka machozi. Adventina alimpiga picha kwa simu. Hakuna siku nyingine baba yake alicheka vile mwaka huo. Na kutokana na furaha ile, binti akatoa mgonjwa.

"Kwa nini mimi? Dunia nzima ina watu!"

"Nilichora mtu wa kubuni mara mbili, mradi wakakataa mara mbili. Wakasema anafanana na mtu wa Dar es Salaam, wananchi hawatajiona. Kulipa mtu akae nimchore sina hela. Wewe ulikuwepo, baba."

"Nilikuwepo!" Projestus alimgeukia mkewe, Tecla, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wa maharage. "Umesikia? Kosa langu ni kuwepo."

Tecla alikuwa ameshaliona bango. Alikuwa ameliona tangu Ijumaa alipokwenda kutafuta dawa ya macho, na tangu Ijumaa alikuwa na lake moyoni.

"Mimi la kukohoa silijui," alisema. "Mimi nauliza kitufe. Shati la Pasaka lipo sandukuni, limepigwa pasi. Wewe unamchukua baba yako na hilo la shambani lisilo na kitufe, unamtundika mbele ya kata nzima! Na pazia langu! Umechora mpaka mahali panya alipotafuna. Watu watasema Tecla hana sindano."

"Mama, watu hawaangalii pazia."

"Eustakia nesi ameniuliza habari za pazia."

Adventina alishika kichwa. Baba aliingia ndani akabamiza mlango, na kwa kuwa mlango ule haufungi vizuri, ukafunguka tena polepole, ikabidi atoke aubamize mara ya pili.

&nbsp;

Mwaka uliotangulia Adventina alihudhuria semina ya siku mbili Biharamulo mjini, iliyoitwa Fursa kwa Wabunifu Wanaoanza. Palikuwa na soda, maandazi na cheti. Mwezeshaji alionyesha ukutani tovuti arobaini: za kutafutia wateja wa ng'ambo, za kuuzia michoro, za mafunzo, za mashindano. Adventina aliziandika zote daftarini kwa mwandiko wake mzuri. Aliporudi nyumbani akakuta hii inataka kadi ya benki, ile inataka kompyuta ambayo ukiuza nyumba haitoshi, na nyingine inataka mtandao usiokatika mvua ikinyesha Ngara, kana kwamba kuna mtandao wa namna hiyo. Zile za bure kweli zilikula vifurushi vyake mpaka akaacha. Alibaki na sentensi moja ya mwezeshaji: anza na rasilimali ulizo nazo. Rasilimali alizokuwa nazo ni baba, mama, benchi na beberu mmoja. Beberu wa pili ndiye aliyeuzwa akageuka kishikwambi.

Kwenye semina hiyo ndipo alipomjua Modestus, ofisa wa Mradi wa Pumzi Salama, aliyempa kazi ya bango. Na Modestus ndiye aliyepiga simu Jumatatu asubuhi. Adventina alikimbia mpaka kwenye kichuguu cha barabarani, pale mtandao unaposhika, akasimama kwa mguu mmoja kama kawaida ya watu wanaopigia simu pale.

"Adventina, hongera. Wakubwa wamelipenda bango. Wanataka kijitabu cha magonjwa mbalimbali, michoro kumi na miwili, kazi ya miezi mitatu. Jina lako litakaa kwenye jalada."

Adventina nusura aanguke kichuguuni. Michoro kumi na miwili yenye jina jaladani! Hiyo si kazi tu, ndiyo ile kazi ya kuonyesha mtu akikuuliza umewahi kufanya nini.

"Ila kuna kitu kidogo," Modestus aliendelea, na hapo Adventina akashusha mguu. "Wafadhili wanauliza yule mzee ni mtu wa kweli au wa kubuni?"

"Ni baba yangu."

"Ah, vizuri. Fomu yake ya ridhaa iko wapi?"

"Fomu gani, kaka Modestus?"

"Fomu ya ridhaa ya mhusika! Ipo kwenye mkataba, kiambatisho cha tatu. Sura ya mtu wa kweli lazima asaini."

Mkataba ulikuwa wa kurasa kumi na nne za Kiingereza, na Adventina aliusaini akiwa amesimama kwenye korido, kwa kalamu ya kuazima, mwenye kalamu akiwa anaingoja. Kumwomba baba yake mzazi ruhusa kwa maandishi ili amchore, jambo hilo lisingemjia akilini hata angeishi miaka mia.

"Ikikosekana?"

"Naondoa mabango yote wilaya mbili. Na hicho kijitabu nampa mtu mwingine. Sitaki, lakini nitafanyaje? Nataka fomu Ijumaa, imesainiwa, uipige picha unitumie. Nakutumia sasa hivi."

Fomu ilifika. Kuichapisha kulitaka bodaboda mpaka kwenye duka la vifaa vya ofisi, ambako mashine ilikuwa na wino wa bluu peke yake, na mwenye duka alipoiona alisema, "Huyu Projestus si ndiye yule mwenye TB?"

&nbsp;

"Sisaini," alisema Projestus.

"Baba, ni jina lako tu hapo chini."

"Jina langu ndilo nililonalo. Nimefundisha watoto wa kata hii amri ya nane: usiseme uongo. Wewe mwenyewe nilikufundisha, nikakupa tuzo ya kalamu. Sasa umesema uongo juu yangu, na umeupaka rangi."

"Ukikataa, kazi naikosa. Baba, nimechora kadi za watu miaka minne bure! Hii ndiyo ya kwanza yenye jina langu."

"Na jina langu mimi? Jana nimekwenda kwa Ansbert, mzee mwenzangu wa chunguni, kumwombea mama yake. Mama ni mgonjwa kitandani, lakini akajifunika kanga usoni mpaka nilipomaliza sala. Baba Yetu yote! Watoto wa mafundisho wameanza kukaa mabenchi ya nyuma."

Adventina alimwona baba yake amezeeka tangu Jumapili, na aliona aibu, lakini kwa kuwa alikuwa amechoka kuomba, aibu ile ilitoka kama hasira.

"Basi nenda kapime! Wakikuta huna, waonyeshe cheti!"

"Ndivyo nitakavyofanya," alisema baba. "Nitapima, watanipa karatasi yenye mhuri, na Jumapili nitaisoma kwenye matangazo. Baada ya tangazo la zaka. Heri wakubali kwamba binti yangu ni mwongo kuliko kukubali kwamba mimi ni mgonjwa."

"Ukisoma hiyo, kijitabu hawanipi."

"Sikukuomba unichore."

Tecla, aliyekuwa anachambua maharage, alisema bila kuinua macho kwamba akienda kupima avae shati la Pasaka. Wote wawili walimgeukia kwa hasira, akasema yeye amesema tu.

Jumanne Projestus alipeleka makohozi. Hilo nalo lilikuwa fedheha ya peke yake, maana hakuwa na makohozi. Alisimama nyuma ya jengo na kikopo, mzee wa miaka hamsini na tisa na shati lililopigwa pasi, akijilazimisha kukohoa kwa juhudi zote, huku kila anayepita akimwambia, "Pole, mwalimu."

&nbsp;

Alhamisi alirudi kuchukua majibu. Adventina alimfuata nyuma hatua kumi, fomu ikiwa ndani ya daftari ili isikunjike. Walikuwa hawasemezani, ila asubuhi baba alimwachia nusu ya kiazi chake, na yeye akakila.

Kwenye benchi la nje ya chumba cha vipimo walikuwa wamekaa watu tisa, na wengine wawili wamesimama. Projestus alipopita wote walivuta miguu kumpisha. Wa mwisho, mwenye koti lililofungwa mpaka kooni ijapokuwa jua lilikuwa kali, alikuwa Ndikuriyo. Aliangalia pembeni.

Nesi Eustakia, mwanamke mnene mwenye haraka, alimwingiza Projestus na binti yake ndani, akafunga mlango, akaweka karatasi mezani.

"Huna kitu, mwalimu. Mapafu yako ni ya kijana."

"Nilijua," alisema Projestus. "Gonga mhuri."

Eustakia aligonga mhuri, lakini hakuiachia ile karatasi.

"Unakwenda kuifanyia nini?"

"Naisoma Jumapili kanisani."

"Mwalimu, keti."

"Nimekaa vya kutosha. Nimekaa mlangoni kwako siku kumi."

"Keti, baba yangu." Projestus akaketi. "Bango la zamani lilikaa pale mlangoni miaka miwili. Lilikuwa na kijana wa mjini, meno meupe, shati jeupe, anakohoa kama anaimba. Kwa mwezi nilikuwa napata watu watatu, wanne. Hili lako lina siku kumi. Umeona benchi? Hao ni wa leo. Kwa siku kumi wamekuja thelathini na mmoja, na wanne tumewakuta nao, sitakutajia. Unajua wanasemaje wakiingia humu? Wanasema, kama mwalimu amekubali kupigwa picha na ugonjwa wake, mimi ni nani nifiche."

Projestus alitazama mhuri.

"Lakini si kweli," alisema.

"Si kweli," alikubali Eustakia. "Na kitufe nacho kinasaidia. Wakiona kile kitufe wanajua ni mtu wetu."

Adventina alitamani acheke, na alitamani alie, akaamua kuangalia mizani ya watoto. Alikuwa na fomu mkononi. Angeweza kuitoa wakati ule, lakini hakuitoa. Hata kuomba kuna mahali pa kuishia.

Projestus aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfuko wa shati, ule anaowekea mrija, akatoka. Nje, Ndikuriyo alisimama. Alimvuta mkono mpaka kwenye kona ya tangi la maji, akaangalia huku na huku. Alikuwa amekonda. Ajabu, hakuna aliyekuwa ameliona hilo, maana wote walikuwa wanamtazama Projestus.

"Mwarimu, nisamehe kwa kire kikombe."

"Yamepita."

"Wameniambia asubuhi ninao." Alikohoa, akashika ubavu. "Nesi anasema kuna vidonge. Mimi sisadiki manesi. Wewe nakusadiki, wewe hujawahi kudanganya mtu. Ni vya muda gani?"

Adventina, aliyesimama nyuma na daftari lake, alimwona baba yake akipeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Ule mkono ukakaa pale. Projestus alikuwa na jibu la kumsafisha mbele ya mtu yule yule aliyemchafua, tena lenye mhuri. Aliangalia mlangoni, kwenye bango, kama mwanafunzi anayetafuta jibu ubaoni.

"Miezi sita," alisema.

"Yote sita? Bira kuruka?"

"Bila kuruka hata siku moja. Na ni bure."

"Na mtu anapona kweri?"

Projestus aliushusha mkono kutoka mfukoni.

"Niangalie mimi," alisema.

Ndikuriyo alimwangalia, kutoka viatu mpaka upara, kwa muda mrefu. Kisha akarudi ndani kuchukua vidonge.

Njiani kurudi, Projestus alitembea mbele mpaka kwenye kichuguu cha simu. Hapo akasimama, akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Lete hiyo fomu."

Alisaini akiwa ameiegemeza kwenye daftari la zile tovuti arobaini. Palikuwa na nafasi ya maoni ya mhusika, mistari mitatu, akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: Kitufe kirudishwe. Adventina aliipiga picha na kuituma pale pale, kwa mguu mmoja. Baada ya dakika chache Modestus akapiga kuuliza kitufe ni nini, na kama ni pingamizi la kisheria.

&nbsp;

Kijitabu alipewa. Mchoro wa kwanza ulihusu minyoo, na tangu habari hizo zisambae, Adventina akitoa simu mfukoni watu hukimbia hata kama anataka kutazama saa. Ansbert alisema akichorwa ataenda mahakamani. Tecla peke yake ndiye aliyejitolea, kwa sharti kwamba pazia ni jipya na minyoo ni ya mtu mwingine.

Jumapili ya tatu baada ya hapo, pombe ilikuwa kwa Ansbert. Projestus alikwenda. Alikuwa amekwisha kuungama kwa padri lile neno la kwenye tangi la maji, na padri alifikiri kidogo, akampa Salamu Maria moja, kisha akamuuliza na yeye anaendeleaje na kifua. Wazee walikizunguka chungu. Mtama ulikuwa umechacha vizuri, harufu yake ilifika mpaka barabarani. Projestus alikaa mahali pake, akatoa mrija wake wa tete, akaufuta kwa pindo la shati.

"Mwarimu!" Ndikuriyo alimwita kutoka upande wa pili. Alikuwa ameanza kunenepa kidogo mashavuni, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyepata mwenzake. "Umesahau? Nesi amekataza. Sisi wa vidonge hatunywi pombe mpaka tumarize."

Wazee wote waliinua vichwa. Projestus alikuwa na karatasi ile mfukoni bado, imekunjwa mara nne, na mhuri wake. Ndikuriyo alikuwa anamtazama, amekaa kwenye gogo na kikombe cha bluu mkononi, na pembeni yake pameachwa nafasi ya mtu mmoja.

"Imebaki miezi mingapi kwako, mwarimu?"

Projestus alihesabu kwa vidole, tangu Alhamisi ile.

"Mitano na wiki mbili," alisema.

Mke wa Ansbert akaleta uji wa ulezi ndani ya kikombe cha njano. Projestus alirudisha mrija mfukoni, akahama, akaenda kukaa kwenye gogo, akanywa uji.